Mgawa Maji na Bi Mdogo Wake

Ukiwauliza watu wa kijijini kwetu habari za mgawa maji wa enzi za Mwingereza, wengi watakuambia alikuwa mtu wa haki. Waache waseme. Wao walikuwa wakikutana naye asubuhi mferejini, wakishapata maji yao wanaenda zao. Mimi nilikuwa jirani yake, ua kwa ua, na mke wake alikuwa dada yangu wa tumbo moja. Haki yake niliiona kwa mbele na kwa nyuma, na kwa nyuma haikuwa nzuri hata kidogo.

Alikuwa shemeji yangu, na mbele yake nilimwita hivyo na kumwamkia kama inavyotakiwa. Moyoni alikuwa mgawa maji tu, na hapa nitamwita hivyo.

Alikuwa mrefu, mkavu, na mwaka mzima alivaa koti moja la kaki lililofungwa vifungo mpaka shingoni, jua liwake mvua inyeshe. Akitembea alitazama chini. Wageni walidhani ni unyenyekevu, kumbe alikuwa anatafuta maji yaliyovuja. Hakuweza kupita kidimbwi njiani bila kuuliza ni cha nani. Siku ya mazishi ya mama yake mzazi, jeneza likiwa bado juu ya ardhi, aliondoka kwenda kuziba ndiva kwa sababu wakati wa kuziba ulikuwa umefika. Alirudi na tope miguuni, akatupa udongo wake kaburini, akasimama pale pale aliposimama mwanzo. Watu wakasema, mtu wa kazi huyo. Mimi nilisema jingine, ila nilisema kimoyomoyo.

Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa. Milimani kwetu, chini ya msitu wa Shengena, chemchemi ni nyingi lakini kila moja ni nyembamba, kwa hiyo maji yanakusanywa ndivani usiku kucha. Asubuhi mgawa maji anaondoa kizibo cha mawe na magogo ya migomba, maji yanateremka mferejini, na kila shamba lina zamu yake. Zamu inapimwa kwa kivuli cha kijiti kilichochomekwa ukingoni. Kivuli kikigusa jiwe lako, maji ni yako. Kikilivuka, ni ya mwenzako. Kabla ya kuzibua, gunda linapigwa ili watu wajue wanaitwa. Lilikuwa pembe kubwa la tandala, jeusi kwa kushikwa, na alilirithi pamoja na kazi.

Gunda hilo alilipigia mlangoni kwake. Sisemi uani, nasema mlangoni, hatua chache kutoka kitanda alicholala dada yangu na kitoto kichanga. Kila alfajiri ya zamu, na kila siku ya msaragambo tulipoitwa kuzibua mfereji kwa pamoja, lilipasua giza na kila mtoto mle ndani akaamka akilia. Dada alilea watoto wake wote chini ya pembe lile. Alimwomba alihamishe. Nilikuwepo alipomwomba mara moja, ana Nakijwa mgongoni, kifungua mimba wao.

"Baba Nakijwa, si ungelipigia kule juu ndivani? Watoto wanashtuka."

"Gunda linapigwa mlangoni kwa mgawa maji," akasema. "Ndivyo nilivyolikuta."

Hiyo ndiyo ilikuwa lugha yake. Alikuwa na maneno machache na aliyatumia kama mtu anayefunga milango. "Ndivyo nilivyolikuta" lilikuwa moja. Jingine lilikuwa "Kivuli kimeshasema." Mzee akija na fimbo yake, amechelewa kwa sababu magoti yanamsumbua, anaambiwa kivuli kimeshasema. Mjane akija, kivuli kimeshasema. Na kweli hakupendelea mtu. Hakula rushwa, hakumwogopa mzee wa ukoo wala karani wa baraza. Hilo nalikubali, na nalikubali upesi ili nisilazimike kulirudia.

Mwaka mmoja wa ukame mtoto wao wa mwisho alipatwa na degedege alfajiri, na dada akachelewa zamu. Alipofika mferejini anahema, mtoto ameniachia mimi, kivuli kilikuwa kimevuka jiwe lake kwa upana wa kidole. Mwenye zamu iliyofuata, mama mmoja mpole, akasema yeye hana haraka, dada achukue tu maji. Mgawa maji akakataa. Akakanyaga tope pale maji yanapoingilia shamba la mke wake, mbele ya watu, akapaziba vizuri.

"Mwanao yuko kwenye degedege," dada akamwambia.

"Kivuli kimeshasema."

Mtoto alipona. Maharage hayakupona. Yalipokauka dada alifunga mzigo wake, akachukua watoto wadogo, akateremka mpaka Same, akapanda gari la moshi kwenda kwa kaka yetu aliyehamia Kwakoa kufuga, kule tambarare kuelekea ziwa la Jipe. Hakugombana na mtu. Aliniambia tu nimwangalie yule bwana asife njaa, watu wasije wakatusema. Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya kumpelekea makande kila jioni mtu ambaye ningependa kumpelekea mawe.

Sasa njoo kwenye sungura.

Aliitwa bomani Same kwa sababu ya malalamiko ya mfereji, na aliporudi alikuwa amebeba tenga. Ndani ya tenga kulikuwa na sungura wa Kizungu, mkubwa, wa kijivu na kifua cheupe. Kulikuwa na Bwana mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, na mkewe ndiye aliyekuwa akimfuga. Mpishi wao, mtu mjanja wa mjini, alimwambia mgawa maji kwamba mnyama yule huzaa mno, na akambadilishia kwa kibuyu cha asali. Mtu aliyeweza kutazama tope la pembeni mwa ndiva akakuambia maji yamepungua kiasi gani hakuweza kuona kwamba sungura mmoja peke yake hazai na mtu yeyote. Mpishi yule nadhani bado anacheka mpaka leo.

Na kulikuwa na la zaidi. Sisi nyumba zetu zinashika Sabato, na sungura kwetu ni najisi: anacheua lakini hana kwato. Haliwi, na hakuna wa kumuuzia, maana kijiji kizima ni wale wale. Mchungaji alisikia akaja kuuliza, akiwa amekunja uso.

"Sijamla," mgawa maji akamjibu. "Namtazama tu."

Mchungaji alifikiri sana, hakuona andiko la kumkataza mtu kutazama, akaondoka.

Lakini hata kumtazama hakukuwepo. Sungura yule alichukia watu. Sijui mpishi alikuwa akimfanyia nini, ila alipotolewa tengani alipiga teke, akakimbilia chini ya kitanda nyuma ya vikapu vya mahindi, akakaa huko. Mgawa maji alianza kwa njia aliyoijua. Alimwamuru atoke. Nilimsikia kwa masikio yangu, mtu mzima, mzee wa kanisa, anaamuru kitanda. Kisha akaingiza mkono akamvuta kwa masikio kama alivyofundishwa na yule mpishi, na sungura akamng'ata kidole hadi karibu na mfupa. Kilikuwa kidole kile kile alichokitumia kupimia kivuli. Alizunguka mferejini na kitambaa kidoleni, na siku zile watu walikuwa na furaha isiyo na sababu.

Ungedhani angemfukuza porini akaliwe na mwewe. Wapi. Jioni moja niliingia na bakuli la makande nikamkuta amelala kifudifudi sakafuni, koti la kaki na vifungo vyake vyote, shavu liko chini, mkono ameunyoosha kuelekea kitandani na majani ya viazi kiganjani.

"Shikamoo shemeji. Unaumwa?"

"Weka hapo. Taratibu, usikanyage kwa kishindo."

"Nimeuliza kama unaumwa."

"Nyamaza. Anakuja."

Hakuja. Hakuja siku ile wala wiki ile. Masika ilianza, na yeye kila jioni alikuwa sakafuni. Nami kila jioni niliona hatua moja zaidi ya upumbavu. Kwanza aliweka majani karibu na vikapu akatoka nje, akayakuta yameliwa. Kisha akayaweka pale pale akabaki, amekaa mbali, amegeuzia ukuta uso, kwa sababu aligundua kwamba sungura hataki kutazamwa. Yule aliyewatazama watu wote mpaka wakasahau walichotaka kusema sasa alikuwa anatazama ukuta kwa heshima ya mnyama. Akawa anavuta majani karibu na goti lake kidogo kidogo. Sungura akichungulia, hapumui. Sungura akirudi ndani kwa sababu kuku amelia nje, hakasiriki. Anakaa tena, anaanza upya. Alikuwa na subira isiyo na mwisho. Nilisimama pale na bakuli mkononi nikajiuliza aliificha wapi miaka yote hiyo.

Mimi nilikasirika, sitaficha. Upana wa kidole! Dada yangu alinyimwa upana wa kidole cha kivuli, na mnyama najisi alipewa masika nzima.

Kisha ugoro. Alikuwa ananusa kwa siri, mzee wa kanisa, na siri hiyo aliijua kila mtu. Wachungaji wawili walimsema wakachoka. Siku moja aliona sungura akipiga chafya na kurudi chini ya kitanda kila mkono wake unapomkaribia. Alikwenda akanawa kwa majivu, akamwaga ugoro wote kwenye migomba, hakunusa tena. Kanisani wakatoa shukrani kwamba mzee ameguswa na Neno. Niliinamisha kichwa pamoja nao nikauma midomo.

Alipokuja, alikuja siku ya mvua. Nilikuwa mlangoni. Sungura alitoka, akanyoosha shingo, akaweka mguu mmoja juu ya mkono wa lile koti, akaurudisha, akauweka tena. Akala jani kiganjani. Alipolimaliza hakukimbia. Alisugua kidevu chake juu ya kile kidole chenye kovu, kisha akajilaza ubavu, miguu kainyoosha, akawa anasaga meno polepole kama wanavyofanya wakitulia. Na mgawa maji alilia. Machozi yalimdondoka juu ya sakafu ya udongo na hakuyafuta, asije akamshtua. Kwenye kaburi la mama yake nilitafuta chozi sikuliona. Niliweka bakuli chini nikaondoka bila kuaga.

Kijiji kilimpa sungura jina, wakamwita Bi Mdogo. "Bi Mdogo hajambo?" wanamuuliza mferejini, wameshika mbavu kwa kicheko. Angekuwa mtu mwingine angetukana. Yeye anawajibu kwa makini kabisa: "Hajambo. Leo amekula vizuri."

Lakini kulikuwa na gunda. Kila alfajiri lilipolia mlangoni Bi Mdogo alipiga sakafu kwa mguu wa nyuma, akatoweka nyuma ya vikapu, akakataa chakula mpaka jua linazama. Kazi ya jioni nzima inaharibika kwa pumzi moja. Basi asubuhi moja nilishangaa kusikia gunda linatoka mbali, juu kwenye ukingo wa ndiva. Asubuhi nyingine vile vile. Mgawa maji alikuwa anaamka gizani, anapanda na pembe lake kwapani, anapigia kule. Hakuna mzee aliyelalamika. Mfereji haukukauka, mbingu hazikuanguka. Kwa wakulima wa upande wa juu lilisikika vizuri zaidi.

Sikumwambia dada. Aliyemwambia ni mgawa maji mwenyewe, na hapo ndipo alipojimaliza.

Aliamua kumfuata mkewe Kwakoa, na safari hii alifuata desturi yote: beberu, asali, togwa badala ya dengelua kwa kuwa hatunywi pombe, na mshenga mzuri, mzee mwenye ulimi laini. Mimi niliombwa niende ili nimsindikize dada akirudi. Tukateremka mpaka Same, tukapanda gari la moshi, tukatembea na yule beberu katika joto lile. Njiani mshenga alimkumbusha mara nyingi lililo kubwa kuliko yote: mume haneni. Anayesema ni mshenga. Mume anakaa pembeni kimya mpaka mke atoke na mzigo wake na kuanza safari. Mgawa maji akaitikia. Nikawaza, hilo halitamshinda. Amekaa kimya masika nzima.

Mshenga alifanya kazi nzuri. Hakutetea, aliomba radhi kwa kila jambo, na kaka yetu akalainika. Kisha dada akaulizwa neno lake. Alikuwa amekonda kwa jua la kule.

"Sina neno kubwa," akasema. "Nilijua nimeolewa na mfereji. Mfereji una amri zake, na yeye alizikuta. Si mtu wa kuzivunja, hawezi. Nimeshamzoea hivyo."

Akaingia ndani, akatoka na mzigo kichwani na mtoto mkononi. Kaka akaita watu wamchinje beberu. Lilikuwa limekwisha. Nami, nikiwa nimenuna, nilikuwa nimeshaanza kukubali.

Mgawa maji akasimama. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona ikimwelekea mtu.

"Mama Nakijwa, hutapata shida tena," akasema. "Hata gunda silipigi tena mlangoni."

Mshenga akakohoa. Dada akasimama pale pale.

"Hulipigi mlangoni?"

"Nalipigia juu, ndivani."

"Tangu lini?"

"Tangu masika. Nina sungura, alikuwa anashtuka, hali. Nikaona si vizuri, nikalihamisha."

Mshenga alimshika koti akamvuta, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Dada alitua mzigo chini polepole.

"Nilikuomba nikiwa na Nakijwa mgongoni," akasema. "Nikakuomba kwa kila mtoto. Ukasema ndivyo ulivyolikuta."

"Sasa nimebadilika."

"Hujabadilika. Uliweza tangu mwanzo." Hakupaza sauti. "Miaka yote nilikusamehe kwa sababu nilidhani huwezi."

Akauchukua mzigo, akarudi nao ndani, akafunga mlango. Mgawa maji alibaki amesimama uani kwa watu, mikono inaning'inia. Kaka hakuwa na la kufanya ila kurudisha beberu, na kurudishiwa beberu akiwa hai ni aibu ambayo mwanamume wa Kipare haisimulii. Tulirudi naye mpaka milimani, analia njia nzima. Aliyelia ni beberu, nasema; mgawa maji hakulia. Machozi yake yalikuwa na mwenyewe.

Baadaye nilimwona kwa miaka mingi, jirani ni jirani. Bi Mdogo akazeeka, akawa analala mapajani mwake mchana kutwa, na siku moja hakuamka. Alimzika nyuma ya nyumba, na watu wakaenda kumpa pole huku wanazuia kicheko. Vijana wakachukua kazi ya mfereji, wakanunua kengele. Watoto wake walikuja kumtembelea mmoja mmoja. Mama yao hakuja.

Mara ya mwisho nilipokaa naye, Mwingereza alikuwa tayari anafunga mizigo yake. Niliingia na makande nikamkuta ameketi sakafuni, kwa mazoea tu, uso kwenye ukuta. Hakukuwa na kitu chini ya kitanda.

"Shemeji," akasema, "siku ile Kwakoa nilikosea neno gani?"

Nilikuwa na majibu mengi, niliyatunza miaka yote. "Hukukosea," nikamwambia. "Ulisema kweli."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Nilikuwa nawasikia wale watoto," akasema. "Kila alfajiri, nikishusha gunda, nawasikia wanalia. Na yeye nilimsikia akiniomba. Mtu anayesikia anadhani ameshajua. Sungura halii, shemeji. Ilibidi nimwangalie."

Nilitaka kumdharau kama kawaida na sikupata pa kushika, jambo ambalo lilinikera. Alinyanyuka kwa shida, akatoa lile pembe nyuma ya mlango, akaniwekea mikononi.

"Mpelekee. Mwambie alichome moto akitaka."

Nililipeleka Kwakoa nilipokwenda kumsalimia dada. Alikuwa kwenye mkeka anachambua maharage. Aligeuza gunda mikononi, akachungulia ndani yake, akaliweka pembeni mbali na maharage. Nikamweleza aliyoyasema yule bwana, neno kwa neno, na sikuongeza la kwangu.

"Na huyo sungura?" akauliza.

"Alishakufa. Uzee tu. Alifia mapajani mwake."

"Alikuwa bado anamwogopa?"

"Hapana. Mwishoni hakumwogopa hata kidogo."

Dada alichota maharage mengine kiganjani.

"Afadhali yeye," akasema, akaendelea kuchambua.